Kiwanja cha Wawili Wasiooana: Nyumba Itakuwa ya Nani?

Msimu wa korosho ukielekea mwisho na malipo ya mnada yakishaingia kwenye akaunti, viwanja vinauzwa sana Mtwara na Lindi. Bwana ana fedha za shamba la Tandahimba, bibi ana fedha za mchezo wa kupeana na biashara ya samaki. Wanaziweka pamoja, wananunua kiwanja Mangamba au Naliendele, wanaanza kufyatua tofali. Hawajaoana. Wamekaa pamoja miaka, wana mtoto mmoja au wawili, mtaa mzima unawaita baba fulani na mama fulani, na ndoa wanasema itafuata nyumba ikishapauliwa. Nani mwenye nyumba? Hakuna anayeuliza mpaka siku ya ugomvi, au siku ya msiba.

Na ukiuliza, wengi watakujibu hivi: wakishakaa miaka miwili sheria inawahesabu kuwa wameoana, kwa hiyo mali ni nusu kwa nusu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina makosa mawili makubwa. Kuna watu, na wengi wao ni wanawake, waliotoka na mabegi yao kwenye nyumba walizozijenga kwa jasho lao kwa sababu waliliamini lilivyo. Ndiyo maana nataka tulifumue polepole.

Karatasi inasema nini

Kwa sheria zetu ardhi yote Tanzania ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachonunua ni haki ya kuitumia. Kiwanja kilichopimwa mjini kinapata hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99, na jina la mwenye nacho linaandikwa kwa Msajili wa Hati. Jina likishakaa pale, ndilo benki, mnunuzi na mahakama watakaloanza nalo.

Lakini watu wengi wa kipato chetu hawaanzi na hatimiliki. Wananunua eneo ambalo halijapimwa, na wanachoondoka nacho ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Nimezishika nyingi za namna hii. Ni karatasi ya kaunta buku, kalamu ya bluu: mimi fulani bin fulani, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, nimemuuzia bwana fulani kiwanja changu chenye urefu wa hatua 25 na upana wa hatua 20, kusini kimepakana na njia, mashariki kimepakana na mkorosho, kwa shilingi kadhaa, nimepokea zote taslimu. Chini kuna sahihi ya muuzaji, sahihi ya mnunuzi, mashahidi wa pande zote mbili, kisha muhuri wa mwenyekiti.

Sasa tazama mahali bibi alipotia sahihi. Mara nyingi yupo kwenye karatasi ile, ila amewekwa kwenye mstari wa shahidi wa mnunuzi. Alikuja ofisini na nusu ya fedha kwenye pochi, akahesabu noti mbele ya mwenyekiti, halafu akaambiwa, “Mama, na wewe weka sahihi yako hapa.” Akaweka. Hakuna aliyekusudia ubaya, pengine hata bwana hakuwaza lolote. Lakini kwa maandishi, sahihi ile inasema kwamba yeye alimwona mwanamume huyu akinunua kiwanja. Siku akisimama kudai kuwa na yeye ni mnunuzi, karatasi ya kwanza itakayotolewa kumpinga ni ile yenye mkono wake mwenyewe.

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe kwa maandishi na uwe na sahihi. Kwa hiyo maneno ya karatasi ile yana uzito kuliko kumbukumbu za watu waliokuwepo. Ingetosha kuandika: “nimewauzia bwana fulani na bibi fulani kwa pamoja.” Ni maneno mawili au matatu zaidi, na mwandishi hadai nyongeza kwa hayo. Majina yawe yale ya kitambulisho cha NIDA, maana “Mama Zuhura” anajulikana mtaani tu. Mahakamani kuna kazi ya kuthibitisha kuwa ni yeye.

Ile miaka miwili

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema hivi kwa ufupi: ikithibitishwa kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika mazingira yaliyofanya watu wawatambue kuwa mume na mke, basi itachukuliwa kuwa walioana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wanasheria wanaiita dhana ya ndoa.

Kosa la kwanza ni kuichukulia dhana hiyo kama ndoa yenyewe. Miaka 2 ikitimia hakuna cheti kinachoandikwa wala daftari linalofunguliwa popote. Dhana inapata nguvu pale tu mtu anapoithibitisha mbele ya hakimu, na mwenzake anayo nafasi ya kuivunja. Tena kukaa nyumba moja peke yake hakutoshi. Lazima watu wawe wamewajua kama mume na mke: majirani, mjumbe, ndugu wa pande zote mbili, wauguzi wa kliniki walipokuwa wakipeleka mtoto. Bwana anayefanya kazi kiwandani Mtwara na kumtembelea bibi Lindi mwisho wa wiki, kila mmoja na chumba chake, atakuwa na hoja nzito kwamba wale walikuwa wapenzi tu.

Na kuna kinachoivunja dhana moja kwa moja, nacho ni ndoa nyingine iliyo hai. Mwanamume aliyefunga ndoa kanisani Masasi, akaachana na mkewe kwa maneno tu bila talaka ya mahakama, bado ana ndoa ya mke mmoja na sheria haimruhusu kuongeza. Mwanamke ambaye talaka yake haijatoka hawezi kuhesabiwa mke wa mtu mwingine, hata akikaa naye miaka 10. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, na wengi hawamwambii mwenzao mapema.

Hata hivyo sheria haikuwatupa, na kipande hiki wengi hawakijui. Kifungu hichohicho cha 160, sehemu ya pili, kinasema dhana ikishavunjwa mahakamani, mwanamke aliyeishi kweli na mwanamume kama mke kwa miaka 2 au zaidi anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Na yeyote kati ya wawili hao, mwanamke au mwanamume, anaweza kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama hutoa ndoa inapovunjwa. Mahakama ya Rufani ililiweka wazi jambo hili katika shauri la Hemed S. Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililo katika Ripoti za Sheria za Tanzania za 1994. Wawili wale walikuwa wameishi pamoja na katika kuishi huko wakapata nyumba. Mahakama ilisema kwamba hata dhana ya ndoa ikivunjwa, bado inaweza kugawa mali waliyoichuma wakiwa pamoja. Kwa anayeambiwa “wewe si mke wangu, ondoka,” shauri hilo ni la kumtajia wakili au msaidizi wa kisheria siku ya kwanza.

Nusu kwa nusu imetoka wapi?

Kosa la pili ni hilo la nusu. Mgawanyo wa mali unafuata kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, na kifungu hicho hakitaji nusu. Kinagusa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto wadogo, na desturi za jamii yao. Mmoja anaweza kupata asilimia 50, mwingine 30, mwingine 10, kulingana na alichothibitisha.

Kazi za nyumbani nazo zinahesabika. Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu, kwa sababu mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini kanuni iliyotokana na shauri lake inatumika hadi leo. Bwana asije akakwambia kuwa wewe ulikuwa unapika tu.

Ila ugumu uko kwenye jina. Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa jina la mume peke yake au la mke peke yake, itachukuliwa kuwa ni ya huyo mwenye jina mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yote mawili, itachukuliwa kuwa wana haki sawa. Hiyo ni kwa wanandoa. Asiye na cheti ana milima miwili ya kupanda: kwanza athibitishe kuwa waliishi kama mume na mke, halafu athibitishe kuwa alichangia mali yenye jina la mwenzake. Mwenye jina lake kwenye hati ameketi tu akisubiri.

Kuthibitisha mchango ni kazi ya karatasi na watu. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilizotumwa kwa fundi. Daftari la kikundi cha kuweka na kukopa linaloonyesha mkopo ulichukuliwa mwezi uleule msingi ulipochimbwa. Risiti za bati na saruji zenye jina lako. Na hizi za mashine hufifia wino, baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo zitolewe nakala au zipigwe picha mapema. Fundi aliyepokea fedha ya lenta mkononi mwako ni shahidi mzuri kuliko dada yako. Nyumba zetu zinajengwa kidogo kidogo: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, bati korosho zikilipa. Mchango nao unaingia vipande vipande, na ndiyo maana unapotea kirahisi kuliko ule wa mtu aliyelipa mara moja.

Kwa wachumba ambao hawajawahi kuishi pamoja, habari ni fupi. Kifungu cha 160 hakiwagusi. Watategemea mkataba walioandikiana, na kama hawakuandikiana, anayedai atakuwa kama mtu mwingine yeyote aliyetoa fedha zake bila maandishi.

Majina mawili yakikaa kwenye hati

Tuseme wamefanya vizuri, wameandika majina yote mawili. Bado liko swali la namna gani wanamiliki pamoja, kwa kuwa Sheria ya Ardhi, kifungu cha 159, inatambua namna mbili.

Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika. Hapa hakuna mwenye fungu lake; wote wawili wana kitu kizima, na mmoja akifa haki yote inabaki kwa aliye hai. Namna ya pili ni umiliki kwa mafungu: kila mmoja ana sehemu yake, iwe sawa au isiwe sawa, na akifa sehemu yake inaingia kwenye mirathi yake.

Sasa sheria yetu imeweka sharti ambalo watu wengi hulikosa. Tangu Sheria ya Ardhi ianze kutumika, ule umiliki usiogawanyika unaweza kuundwa baina ya wanandoa tu, isipokuwa mahakama itoe ruhusa. Wasio wanandoa wakijiandikisha hivyo bila ruhusa, itahesabika kuwa wanamiliki kwa mafungu. Wawili wasiooana, kwa hiyo, hata wakiandika majina yao kwa mapenzi makubwa kiasi gani, kifo kikitokea fungu la marehemu halimwendei mwenzake aliyebaki.

Kwa kuwa ni mafungu, yaandikwe ni mafungu gani. Aliyetoa milioni 3 kati ya 5 aandike asilimia 60, mwenzake 40. Au wakubaliane sawa kwa sawa, kwa kuwa mmoja alitoa fedha na mwingine atasimamia ujenzi. Waandike pia yale yanayokera kuyasema wakati mambo ni matamu: mmoja akitaka kuuza, mwenzake awe wa kwanza kuuziwa, wakiachana, nani anabaki ndani na watoto, na mwingine analipwa vipi na kwa muda gani. Wanaona aibu, wanasema ni kujitabiria mabaya. Mimi naona ni adabu ya watu wanaoheshimiana, na wakili au msaidizi wa kisheria anaweza kuliandika hilo kwa asubuhi moja.

Siku ya msiba

Mirathi ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa aliyejua ukweli wote amelala kaburini.

Asiyeoa wala kuolewa na marehemu si mrithi wake. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wa pwani yetu kuanzia Kilwa hadi Mikindani, mjane mwenye ndoa anapata thumuni kama marehemu ana watoto na robo kama hana. Mwanamke aliyekaa kinyumba hana fungu. Kwa upande wa mila, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili ni watu wa ukoo wa upande wa mama: mjomba ana sauti, na wapwa wana madai yao. Akifa bwana, wanaokuja kuulizia nyumba wanaweza kuwa watoto wa dada yake. Akifa bibi, kaka zake watasema nyumba ni ya dada yao, na bwana aliyepiga plasta kwa mikono yake anajikuta mgeni mbele ya shemeji zake. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani tatizo ni la wanawake peke yao.

Kikao cha ukoo kinakaa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha, na nyumba yote inaandikwa kwenye orodha ya mali za marehemu. Aliyebaki anapaswa kwenda kupinga mapema, kabla mali haijagawanywa, akionyesha kuwa sehemu ya nyumba ile ni yake mwenyewe na haikuwa ya marehemu. Akiwa na karatasi yenye jina lake, linaloingia kwenye mirathi ni fungu la marehemu tu. Asipokuwa nayo, anarudi kwenye dhana ya ndoa na kuthibitisha mchango, na safari hii watakaombishia ni watu waliokuwa wakimwita wifi au shemeji.

Wasia unasaidia, ukiandikwa marehemu angali mzima na mbele ya mashahidi. Muislamu anaweza kumuusia asiye mrithi hadi theluthi moja ya mali yake. Anaweza pia kutoa hiba, yaani zawadi ya mali, akiwa hai, ilimradi akabidhi kweli alichokitoa. Watoto nao wasisahauliwe: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kunufaika na mali ya mzazi wake.

Lipo pia la kufunga ndoa. Taarifa ya kusudio la ndoa ni siku 21, na ndoa ya bomani haidai ukumbi wala sare. Sisemi watu waoane kwa ajili ya kiwanja. Nasema wale wanaokusudia kuoana kwa vyovyote wajue kuwa kuchelewa kuna gharama: mwanandoa ana haki ya kuulizwa kabla nyumba ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani benki. Asiye mwanandoa hana ulinzi huo.

Shamba la kijijini

Kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa na halmashauri ya kijiji, na inaweza kubeba majina ya zaidi ya mtu mmoja. Maafisa wanapopita kupima mashamba, mwenye kuhojiwa aseme majina yote palepale. Kwenye shamba la mikorosho waandike na miti, maana mara nyingi ardhi ni ya ukoo wa mmoja na miche ilipandwa na wote wawili.

Kama tayari iko kwa jina la mmoja

Wengi watakaosoma hapa wako kwenye hali hii. Kama mnaelewana, andikeni sasa makubaliano ya ziada: mimi fulani, ambaye jina langu liko kwenye mauziano ya tarehe fulani, nakiri kuwa kiwanja hicho tulinunua pamoja na fulani, na fungu lake ni kiasi hiki. Wote mtie sahihi mbele ya wakili na mashahidi, na nakala ibaki ofisi ya mtaa pamoja na ile ya kwanza. Kiwanja kikija kupimwa, nendeni wote wawili kwenye maombi ya hati.

Kama hamuelewani na kuna dalili ya kuuziwa mgongoni, na kiwanja kina hatimiliki iliyosajiliwa, anayedai maslahi anaweza kupeleka zuio kwa Msajili wa Hati ili lisifanyike lolote kabla hajasikilizwa. Kwa kiwanja kisicho na hati, barua ya pingamizi kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, humpa mnunuzi ajaye taarifa, naye hataweza kusema hakujua.

Madai ya kugawana mali kwa walioishi kama mume na mke yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa ardhi wenyewe, mathalani dhidi ya mtu aliyekwishauziwa, unaanzia baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu bila kutoa hukumu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Mtwara. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Lakini ndani ya miaka hiyo fundi atakuwa amehamia Songea, mwenyekiti wa mtaa atakuwa amebadilika kwa uchaguzi mara mbili, na daftari la kikundi litakuwa limeliwa na mchwa. Anayekusudia kudai aanze na hao: maelezo yao yaandikwe na yatiwe sahihi kabla hata ya shauri kufunguliwa.